Kulwa Aliumwa, Tukawatoa Shule Wote Wawili

Kama una mtoto mwenye selimundu, na umechoka kuambiwa kila siku kwamba unamdekeza, vuta kigoda ukae. Nakuandikia wewe. Mimi si nesi wala daktari, nauza mchele sokoni Katoro, na ukiniuliza chembe ya damu inageukaje umbo ndani ya mshipa nitakwambia kamuulize aliyesomea. Ninachokijua mimi ni benchi. Najua benchi la hospitali linavyotia ganzi, najua mtoto anavyolia mfupa ukimuuma, na najua mume na mke wanavyoweza kununiana wiki nzima kwa sababu ya mguu wa mtoto. Najua pia kwamba inakuja siku unaamka jua limeshachomoza, mtoto bado amelala, hajalia, na wewe mwenyewe hukushtuka hata mara moja. Siku hiyo ipo jamani. Mimi nimeiona.

Wanangu ni mapacha. Kwa Wasukuma, upande wa baba yao, pacha wa kwanza anaitwa Kulwa na wa pili Doto, awe wa kike awe wa kiume, hakuna mjadala. Wangu ni wasichana wote, ila hawafanani hata kidogo. Kulwa ni mwembamba, mweusi wa kung'aa kama bibi yake. Doto ni mpana, maji ya kunde, amenifuata mimi na ukoo wangu wa Wasumbwa wa Ushirombo. Walipozaliwa, mama mkwe wangu alifunga safari kutoka kijijini kwake Shinyanga na mzigo wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, akasema amekuja kunisaidia mpaka watoto watembee. Watoto wakatembea, wakakimbia, Bibi yupo. Nashukuru hakuondoka, ingawa kuna siku ningemfungashia virago mwenyewe.

Bibi alikuwa na sheria moja kuhusu mapacha, na haikuwa na msamaha. Anachopata huyu, apate na yule. Ukimpa Kulwa muhogo, Doto naye muhogo. Kitambaa kikinunuliwa kinashonwa magauni mawili. Hata Kulwa akichapwa kwa kosa lake, Doto anapata kimoja cha kumsindikiza, maskini, hajui hata kosa ni nini. Kwao wanaamini ukimpendelea pacha mmoja, mwenzake ataona hatakiwi, na ataondoka. Kuondoka maana yake ni kufa. Mimi nilikulia kwenye nyumba ya Wakatoliki karibu na misheni, mambo hayo tulikuwa tunayasikia kwa majirani tu, lakini kwa mkwe unabishaje? Nilifuata.

Kulwa alianza kuumwa kabla hajajua kusimama. Viganja na nyayo vilivimba vikawa kama maandazi, halafu vikanywea, halafu vikavimba tena. Baadaye macho yakawa ya njano. Tumbo likamtoka upande wa kushoto, bandama hiyo, ila wakati ule sisi tulisema minyoo. Tulizunguka maduka ya dawa mpaka tukaishia hospitali kubwa, kwenye kliniki ambayo wamama wote walikuwa wameshika watoto wenye macho kama ya Kulwa. Nilipokaa pale nikatazama kushoto na kulia, nikajua nimefika, kabla hata hatujaitwa.

Nesi wa kliniki ile, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu, alituambia ugonjwa huu mtoto anaurithi kwa baba na mama, wote wawili. Mume wangu, Baba Kulwa, anafanya kazi kwenye karasha, ile mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, na amezoea kuongea kwa sauti ya kushindana na mashine. Akasema, "Kwetu haupo!"

Mimi nikasema, "Na kwetu pia haupo."

"Basi umetoka kwangu," nesi akasema, akacheka peke yake, akaendelea kuandika. Doto naye akapimwa. Hakuwa na ugonjwa.

Tukaenda hivyo hivyo na vidonge vya kuongeza damu, chandarua na maji mengi ya kunywa. Kuna miezi ilikuwa mizuri kabisa. Shida yenyewe ilianza walipoanza shule.

Naomba nieleweke hapa, maana watu wameniuliza mpaka nimechoka: kwa nini uliwatoa watoto shule, una nini na walimu? Sina kitu na walimu. Darasa lilijaa watoto mpaka wengine wanakaa sakafuni, mwalimu atamjua vipi wangu? Lakini shule yetu, kama shule nyingi, inaanza na mchakamchaka, watoto wanakimbia alfajiri na umande miguuni. Kila mtoto anakuja na kidumu cha maji ya kumwagilia maua. Na ukishaingia darasani, hakuna kunywa maji ovyo, kwa sababu atakayekunywa ataomba kwenda chooni, na wakianza kuomba wote hakuna kitakachofundishwa. Kwa mtoto mzima hayo yote ni malezi. Kwa Kulwa, baridi ni sumu, kukimbia ni sumu, na kukaa na kiu ndiyo sumu kubwa. Ni kama mtu alikaa akapanga siku nzima ya kumuumiza mwanangu, na hakuna aliyepanga.

Darasa la kwanza tulilivuka kwa kuombaomba. Darasa la pili, kwenye baridi ya mwezi wa sita, nikaitwa kutoka sokoni. Nikamkuta Kulwa chini ya dirisha la ofisi, amekunja miguu, halii tena, anatetemeka midomo tu. Mwalimu wa zamu, kijana ambaye ndiyo kwanza amehamia, akaniambia, "Mama, mtoto wako anajua kuigiza. Akiambiwa akimbie anasema miguu, akiambiwa abebe maji anasema miguu. Mwenzake mbona anakimbia?"

Mwenzake alikuwa amesimama pembeni na vidumu viwili, chake na cha Kulwa, analia kwa wote wawili.

Weee! Nilipandwa na hasira, nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa watoto wakaja kuyasoma. Nikambeba Kulwa mgongoni, mtoto wa miaka minane, mwepesi kama wa mitano.

Tulilazwa. Damu ilikuwa imekwisha mwilini, nyayo zake ukizitazama nyeupe kama karatasi. Baba Kulwa akaja na wenzake wa karasha, vumbi la mawe mpaka kwenye kope, wakajipanga kutoa damu. Nilimwona mume wangu ameketi kwenye korido, mkono umekunjwa na pamba, anatazama ukuta. Nilimpenda sana dakika ile, na kesho yake tukagombana.

Tuligombana kwa sababu nilimwambia, "Shule basi. Nitamfundisha mwenyewe nyumbani mpaka apate nguvu."

"Mtoto wa kukaa nyumbani ni wa kuchunga mbuzi," akasema. "Mimi niliishia darasa la tano, ona niko wapi. Unataka Kulwa aje kuosha mchanga wa dhahabu mwaloni?"

"Nataka Kulwa awepo kwanza. Akishakuwepo ndiyo tutajua ataosha nini."

Mimi nilifika kidato cha nne, Ushirombo, na katika ndoa yetu hilo ni jambo ambalo huwa sitamki, lakini siku ile alilikumbuka mwenyewe. Akasema, "Haya. Wewe si ndiyo uliyesoma. Fundisha." Hakulisema kwa wema, ila alilisema.

Bibi alikuwa anatusikiliza huku anamenya viazi. Akauliza, "Na Doto?"

"Doto haumwi, mama. Doto ataendelea na shule."

"Mayu," akasema. Ndivyo anavyoniita, kwa Kisukuma ni mama, na akiita kwa sauti ile ujue hatanii. "Mapacha huwatenganishi. Umtoe Kulwa, umwache Doto? Haijawahi."

Nikajaribu kumshinda kwa kimya, nikampeleka Doto peke yake. Siku ya kwanza alirudi hajala. Siku ya pili alikutwa amekaa nje ya geti. Siku ya tatu mwili ukachemka, malaria hana, kikohozi hana, anaita jina la mwenzake tu, na Kulwa kwenye kitanda chake hataki uji. Bibi alinitazama tu, akakoroga chungu. Nikasalimu amri, tukawatoa wote wawili.

Basi maneno yakaanza. Mara tumewatoa ili tukawaozeshe, watoto wa miaka minane, hivi watu wana akili? Mara tunawapeleka machimboni. Mtendaji wa kata akaja mpaka nyumbani na kofia yake mkononi, akasema sheria inataka mtoto awe shuleni, na kweli inataka. Nikamwita Kulwa aje amsalimie. Akaja kwa kushika ukuta, akasema, "Shikamoo baba," kwa kasauti kale, na mtendaji akaitikia marahaba, akaomba maji ya kunywa. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, alisikiliza habari zote za daktari. Akasema majina yatabaki darasani kwao, na mitihani ya muhula watakuja kufanya. "Lakini Mama Kulwa, mtihani wa taifa wa darasa la nne hauna huruma. Wakiufeli, wanarudi hapa wote wawili, asubuhi kama wenzao, na hadithi ya miguu sitaisikiliza." Nikasema sawa. Moyoni sikuwa na uhakika wa chochote.

Shule yetu ilikuwa hivi. Alfajiri mimi nashuka sokoni kupokea mchele unaotoka Kagongwa, maana usipokuwepo gari linaposhusha utaachiwa chenga, mchele uliovunjika. Bibi anabaki na watoto, anawapa uji, anampa Kulwa dawa. Jua likishapasha joto wanakuja kibandani, Kulwa amevaa soksi na sweta hata kama wewe unatoka jasho, na tunasoma kati ya mteja na mteja. Kusoma walijifunza kwenye maandishi ya mifuko na mabango ya maduka jirani. Hesabu zilikuwa mchele mtupu. Sado moja, kile kindoo cha kupimia, ina makopo mangapi, mteja ametoa noti hii umrudishie nini. Kulwa alikuwa akikaa juu ya gunia, chupa ya maji mapajani, anakunywa anapotaka, anakwenda chooni anapotaka, na hakuna anayemwambia anaigiza. Wateja walizoea. Kuna mzee mmoja alikuwa hanunui mpaka Kulwa amsomee gazeti alilofungiwa sabuni.

Na dawa ilikuwa mpya. Tulipolazwa daktari alikuwa amemwanzishia dawa nyingine, ya kapsuli, ambayo alisema ikikubali itapunguza kuumwa sana. Nesi akanionyesha namna ya kuifungua, kuikoroga kwenye kikombe cha maji, na kumpa mtoto anywe yote. Nikamwonyesha Bibi. Bibi ana mikono safi na hajawahi kusahau jambo la watoto hata siku moja.

Sasa sikiliza. Nilidhani tukishaondoa mchakamchaka na kidumu, tumemaliza. Mvua za kwanza zikaja, Kulwa akaumwa. Mpunga ukapandwa, akaumwa. Haikuwa kama ile ya shuleni, lakini mifupa ilimuuma, macho yakarudi njano, tukarudi kwenye benchi letu. Wenzake tulioanza nao dawa walikuwa wananawiri. Kuna mama mmoja kutoka Bukombe, mwanawe alikuwa hali mbaya kuliko Kulwa, sasa anakimbizana kwenye korido mpaka anafokewa. Nilifurahi kwa ajili yake, na niliumia, vyote kwa pamoja, sina haja ya kuficha.

Mwili wenyewe ndio ulionitisha. Bibi aliposhona magauni ya Krismasi kwa kipimo kimoja, la Doto halikupita mabegani, la Kulwa likamning'inia. Watu wakaanza kuuliza kama ni dada na mdogo wake. Kulwa akawa anajitazama mikono, akaniuliza, "Mama, mimi nitaishia hapa?" Anamaanisha urefu. Mimi nikasikia kingine kabisa, nikajifanya nakohoa ili nitoke nje.

Baba Kulwa akasema neno lililonikata maini. "Umewatoa shule wote. Mbona bado anaumwa?"

Ndiyo swali lenyewe lilikuwa hilo, na lilikuwa linanizunguka na mimi kila nikifunga kibanda. Kama nyumbani hapamsaidii, basi nimewanyima watoto wawili shule bure, na bado huyu mmoja namkosa. Kwenye kliniki daktari akashika kidevu. "Anakunywa kila siku?" Kila siku, daktari. "Hujaruka?" Sijaruka. Akasema huenda dawa haimkubali, tukija tena ataongeza kipimo, na isipofaa watatafuta njia nyingine. Nilimwuliza njia gani. Akasema tusubiri kwanza tuone.

Wiki hiyohiyo tukaanza nusu na robo. Nimekaa nao kibandani mchana, hakuna wateja, jua kali, Kulwa amelala juu ya magunia lakini anasikiliza. Nikajaza kopo mchele, nikamimina kwenye makopo mawili, sawa kwa sawa. Nikauliza, "Kila moja lina kiasi gani?"

"Nusu," Doto akajibu mbiombio.

"Safi. Haya nipe mfano mwingine wa nusu. Wa nyumbani."

"Dawa," akasema Doto.

"Dawa ipi?"

"Ile ya asubuhi. Bibi anakoroga kikombe kimoja, halafu anamimina kama hivyo ulivyomimina. Nusu yangu, nusu ya Kulwa." Akafikiri kidogo, akaongeza kwa uaminifu wa mwanafunzi mzuri, "Ni chungu."

Kulwa kutoka juu ya magunia akasema, "Mama, na robo je?"

Mchele ulinimwagika. Nilimwuliza Doto tangu lini, akasema tangu Kulwa atoke hospitali. Hakuna aliyekuwa amenificha. Kwao ilikuwa kitu cha kawaida kama uji, na mimi sikuwahi kuwepo asubuhi. Nilifunga kibanda mchana kweupe, nikawashika mikono wote wawili, tukapanda nyumbani.

Bibi alikuwa uani anapepeta. Nilimuuliza nikiwa bado nimesimama mlangoni, na sikumuuliza kwa adabu ya mkwe. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua.

"Ulitaka nimpe mmoja?" akasema. "Kila asubuhi Kulwa anapewa, Doto anatazama? Ya mapacha yote ni nusu kwa nusu, mayu. Unajua."

"Mama, ile ni dawa! Si muhogo! Doto haumwi! Unampa sumu huyu, na huyu unamnyima!"

Sauti ilikuwa kubwa, majirani walitoka. Baba Kulwa alikuwa ndani amepumzika, akatoka na yeye. Nikamweleza. Nilitegemea angemfokea mama yake, au angenifokea mimi. Hakufoka. Alimtazama mama yake, na Bibi akaweka ungo chini.

"Mimi nimezika Kulwa mmoja," akasema Bibi.

Nilijua kwamba mume wangu ni pacha. Jina lake la kuzaliwa ni Doto, na Kulwa wake alifariki mdogo. Zaidi ya hapo hakuna aliyewahi kunieleza, na kwao si jambo la kuulizwa. Siku ile Bibi akalisema. Kulwa wake alikuwa anavimba viganja na nyayo, macho ya njano, analia mifupa. Kwa hiyo yeye ndiye alikuwa anabebwa mgongoni, yeye ndiye analishwa maziwa ya kwanza, na mwenzake anaachwa chini. Mtoto alipofariki, wanawake wa ukoo wakamwambia Bibi kwamba amewatenganisha mapacha kwa upendeleo, ndiyo maana mmoja ameondoka.

"Nikasema hawa wa mwanangu sitarudia," akasema. "Sitarudia hata tone."

Baba Kulwa alikaa chini pale pale uani. Kwetu haupo, alikuwa amesema, na ulikuwepo, ulikuwa umelala naye kwenye mkeka mmoja. Hasira yangu yote ikaniishia. Nilibaki nimesimama na funguo za kibanda mkononi, sijui nimfokee nani tena.

Kesho yake tulikwenda kliniki bila miadi, familia nzima, na Bibi tukamchukua. Hofu yetu safari hii ilikuwa Doto. Nesi aliponisikia alishika mdomo, halafu akakimbia kumwita daktari, na sijawahi kumwona mama yule akikimbia. Wakamchukua Doto damu. Doto alitoa mkono kwa fahari, ndiyo mara yake ya kwanza kuwa mgonjwa mkuu, na Kulwa akamshikia bega kama mkongwe wa mambo hayo, anamwambia, "Usitazame sindano, tazama dirisha."

Tukasubiri. Nimesubiri kwenye benchi lile mara nyingi, lakini pale sikusali, sikuweza, nilihesabu tu mafundo ya sweta la Kulwa. Baba Kulwa alikuwa anatoka nje na kurudi, anatoka na kurudi. Bibi alikaa wima, macho chini, kama mtu aliye barazani anasubiri kusomewa hukumu.

Daktari akarudi na uso mkunjufu. "Damu yake nzuri. Asiguse tena dawa hiyo, tutampima tena, lakini huyu mzima." Halafu akamgeukia Kulwa, akacheka kidogo, akasema, "Na wewe binti, kumbe dawa haikukukataa. Hukupewa yote! Kipimo siongezi. Kunywa yote kwanza, tuonane."

Nilicheka nikalia, vyote kwa mpigo, mpaka watu wa benchi la pili wakasogea kuuliza kama tumefiwa.

Nesi ndiye aliyekwenda kukaa na Bibi. Nilidhani atamsema. Akamshika mkono, akamwuliza habari za yule Kulwa wa zamani, alikuwaje, alivimba wapi, alifariki akiwa na umri gani. Bibi akamweleza yote, kwa Kisukuma, kwa kuwa nesi alikuwa wa kwao. Nesi akamwambia, "Bibi, hukumuua mtoto wako. Ni ugonjwa huu huu. Ungembeba au usingembeba, wakati ule dawa haikuwepo." Bibi akauliza tena, kama hajasikia. Nesi akarudia. Akauliza mara ya tatu, na nesi, Mungu ambariki, akarudia mara ya tatu bila kuchoka. Halafu Bibi akafunua khanga, akafunika uso, akakaa hivyo mpaka tulipoondoka.

Nyumbani, asubuhi iliyofuata, niliacha mchele wa Kagongwa ushushwe na mwingine, nibaki nione. Bibi aliweka vikombe viwili. Kimoja akakoroga dawa, chote kwa Kulwa. Kingine akajaza maji matupu mpaka usawa ule ule, akampa Doto. "Haya, pamoja," akasema. Wakanywa pamoja. Mpaka leo wanakunywa hivyo.

Dawa haikufanya kazi kwa siku moja, usije ukatupa ya mwanao kwa kukata tamaa. Mpunga ukavunwa bado ana maumivu madogo madogo. Baridi ya mwezi wa sita ikaja, ile niliyokuwa naiogopa kuliko mtendaji, ikapita, na hatukulazwa. Macho yakaanza kuwa meupe. Siku moja gauni likambana mabegani, akaja mbio kunionyesha kwamba linambana, na Bibi alipiga vigelegele vya harusi. Tukaendelea kusoma kibandani mwaka ule na uliofuata. Mtihani wa darasa la nne waliufanya shuleni kwao, Kulwa na sweta na chupa ya maji juu ya dawati, na kijana yule mwalimu wa zamu ndiye aliyeijaza ilipokwisha. Walifaulu wote. Kulwa alimpita mwenzake kwenye hesabu, na Doto anadai ni kwa sababu yeye ndiye aliyegundua nusu.

Kwa hiyo ukiniuliza leo kwa nini niliwafundisha nyumbani, nakujibu: kwa sababu ya baridi, kiu na kidumu. Lakini kama si kuwafundisha nyumbani, Doto asingenipa mfano ule, na Kulwa labda nisingekuwa naye. Kwa mwanao huenda njia ikawa nyingine. Angalia tu nani anampa dawa, na uwepo siku moja uone.

Januari waliporudi shuleni kuanza darasa la tano, mwalimu mkuu alikubali masharti yetu yote: Kulwa hakimbii, habebi kidumu, na anakunywa maji anapotaka. Bibi akasema atawasindikiza. Kabla ya kutoka alijaza chupa mbili za maji, akaziinua usawa wa macho, akapunguza moja kidogo, akaongeza nyingine, mpaka zikawa sawa kabisa. Doto akanung'unika, "Bibi, lakini mimi siumwi."

"Najua," Bibi akasema. "Beba."

Nilikwenda nao. Tulifika mchakamchaka unaanza. Doto akanipa chupa nimshikie, akajichomeka katikati ya wenzake, akaondoka mbio bila kugeuka. Kulwa akaketi kwenye ngazi za darasa palipopigwa jua, akafungua chupa yake, akanywa, akaanza kuwapigia makofi wanaokimbia. Nikamtazama Bibi. Ilikuwa mara ya kwanza mapacha wale wanafanya vitu viwili tofauti mbele ya macho yake, na nilikuwa tayari kumshika.

Alisimama kwenye uzio na vidole vyake vimeshika waya. Akamfuata Doto kwa macho mzunguko mzima, akarudisha macho kwa Kulwa pale kwenye ngazi, akamfuata Doto tena.

"Mmoja anakimbia, mmoja amekaa," akasema taratibu, kama anayejihakikishia. "Na wote wapo."

"Wote wapo, mama."

Akaachia waya, akafunga khanga vizuri kiunoni, akaniambia twende, mchele utashushwa na nani.